Historia ya 4A-GE, kasi ya watu wa kawaida

Mzee wa ukoo wa 4A-GE, injini ya Toyota, ni injini ya 2T-G. Mwezi Machi 1972 Toyota ilichukua injini hiyo ya lita 1.6, yenye kamshafti mbili juu ya silinda, ambayo tangu 1970 ilikuwa ikitumika kwenye Celica, ikaifunga ndani ya Corolla ndogo. Kwa kuwa gari liliuzwa kupitia mitandao miwili tofauti ya maduka ya kampuni, likapewa majina mawili: Corolla Levin na Sprinter Trueno. Msimbo wake wa kiwandani ulikuwa TE27. Lilikuwa na nguvu ya farasi 115 na uzito usiofika kilo 900. Kichwa cha injini kilitengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha, mabingwa wa pikipiki, na undugu huo wa kampuni mbili ndio unaopita katika habari yote inayofuata. Mwaka 1975 Hannu Mikkola alishinda mbio za Maziwa Elfu, nyumbani kwao Finland, akiwa ndani ya Corolla ya ukoo huu.

Naanzia mbali hivyo kwa makusudi. Wengi husimulia kana kwamba AE86, yaani Levin na Trueno za mwaka 1983 zilizobeba 4A-GE, ilizuka tu siku moja, bila baba wala babu. Ilikuwa na baba, na ililelewa kwa kubana matumizi.

Mei 1983 Corolla za kizazi kipya zilihamia kwenye mtindo wa kuvutwa na magurudumu ya mbele. Levin na Trueno zikabaki kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Chini yake kulikuwa na mambo ya zamani: injini mbele, difu nyuma, ekseli nzima isiyogawanyika, na sehemu nyingi zilizotoka kwenye Corolla ya kizazi kilichotangulia, kizazi kile kile cha KE70 ambayo Wakenya wengi waliijua kwa jina la DX. Kutengeneza chasisi mpya kwa ajili ya gari la vijana kungepandisha bei, na bei ndiyo iliyokuwa roho ya gari lile. Nchini Japani liliuzwa kwa kiasi cha yen milioni moja na nusu, fedha ambazo kijana mwenye ajira ya kawaida angeweza kuzifikia kwa mkopo.

Kilichokuwa kipya kilikaa chini ya boneti. 4A-GE ilikuwa na ujazo wa sentimita 1,587 za ujazo, vali 16, na sindano za mafuta zinazoongozwa na kompyuta badala ya kabureta. Toyota ilitangaza nguvu ya farasi 130. Vali nne kwa kila silinda ziliifanya injini ivute hewa kwa wingi hata inapozunguka haraka sana. Kipenyo cha silinda kilikuwa milimita 81 na mwendo wa pistoni milimita 77 tu, kwa hiyo pistoni haikuwa na safari ndefu ya kuichosha, na injini ilipita mizunguko 7,000 kwa dakika bila kulalamika. Shida ya injini za aina hii ni udhaifu wake mwendo ukiwa mdogo. Wahandisi wakaweka vizibo vinavyofunga nusu ya njia za hewa injini inapokwenda taratibu na kuzifungua inapopanda. Anayeisikia mara ya kwanza hujua papo hapo pale vinapofunguka, maana sauti hubadilika na gari hujivuta mbele.

Tena, bloku yake ilikuwa ya chuma cha kawaida, ya familia ya A, familia ile ile iliyozaa 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anazijua hizo. 5A ndiyo iliyobeba Corolla 110 nyingi mno kwenye barabara zetu, zikiwa teksi, gari la mwalimu, gari la harusi. Injini iliyoshinda mbio na injini iliyopeleka watoto shule ni ndugu wa tumbo moja. Kwangu mimi hapa ndipo ulipo ukuu wa 4A-GE: Toyota haikutengeneza kitu cha wateule kisha ikawapunguzia wengine makombo, bali ilichukua kitu cha wote na kukifanya kiwe kizuri kupita kiasi.

Ndugu wengine wakafuata upesi. Juni 1984 ilitoka MR2, gari la watu wawili lenye injini hiyo hiyo ikiwa nyuma ya viti, nayo ikatwaa tuzo ya gari bora la mwaka nchini Japani. Mwaka 1986 ikaongezewa supachaja na kufikia farasi 145. Mwaka huo huo, na tena 1987, Chris Hodgetts alikuwa bingwa wa mbio za saluni za Uingereza akiendesha Corolla GT. Pointi zilitolewa kwa kila daraja la injini, hivyo mwenye gari dogo akishinda darajani mwake mara kwa mara aliweza kuwapita kwenye jedwali wenye magari makubwa, naye akafanya hivyo miaka miwili mfululizo.

Huko milimani Japani kulikuwa na shule nyingine. Keiichi Tsuchiya, mzaliwa wa Nagano, alijifunzia kwenye barabara za kona kali usiku, kisha akashindana kwa AE86. Yeye ndiye aliyeuonyesha umma kwamba gari jepesi lenye nguvu kidogo, likiteleza nyuma kwa kukusudiwa, linaweza kumfundisha dereva mambo ambayo gari ghali huyaficha. Mwaka 1987 ilisambaa video yake akiteleza kona baada ya kona, na mtindo huo ukawa mchezo wenye mashindano yake duniani kote.

Mwaka huo huo wa 1987 AE86 iliondolewa. AE92 iliyoirithi ilivutwa na magurudumu ya mbele. Wapo waliolia, na nawaelewa, lakini sikubaliani na wanaosema ukoo ulikufa siku hiyo. Pigo lilitoka kwa jirani. Mwaka 1989 Honda ilitoa B16A, nayo ya lita 1.6, yenye farasi 160 bila supachaja wala tabo. Toyota ikachukua hadi 1991 kujibu, na jibu lilikuwa la heshima: vali 20, yaani tano kwa kila silinda, na kila silinda ikapewa koo lake la hewa kama injini za mashindano. Farasi 160. Tatizo ni kwamba gari lililobeba injini hiyo, AE101, lilinenepa, kama magari mengi yaliyobuniwa Japani ilipokuwa imejaa fedha. AE111 iliyoifuata mwaka 1995 ilipunguzwa uzito na kufikia farasi 165, na baadaye ikapewa gia sita. Ukiniuliza ipi bora ya kuendesha kila siku, nitakujibu hiyo, bila kusita.

Umaarufu mkubwa kuliko wote ulitoka kwenye kitabu cha katuni. Shuichi Shigeno alianza kuchapisha Initial D mwaka 1995 na kumaliza 2013: kijana anayepeleka tofu mlimani alfajiri kwa Trueno nyeupe na nyeusi, akiwapita wenye magari yenye nguvu maradufu. Hadithi ilipendwa hadi ng'ambo, na bei ya AE86 ikapanda. Gari lililobuniwa kwa ajili ya kijana asiye na kitu sasa linauzwa kwa bei ambayo kijana huyo haiwezi. Hilo linaniuma.

Barani Afrika ukoo huu ulistawi zaidi kusini. Toyota ya Afrika Kusini iliuza Conquest RSi za vali 16, kisha Corolla RSi na RXi za vali 20, na mpaka leo vijana wa huko huzitunza kwa wivu. Kwetu zilikuja chache, nyingi zikiwa mitumba ya Japani: Levin moja hapa, Carib ya BZ-Touring pale, nyingine ni injini tu iliyoletwa bila gari na kufungwa kwenye Corolla ya kawaida. Mafundi wa Grogan Nairobi, Gerezani Dar es Salaam na Kisekka Kampala hawakuhitaji kwenda kozi ili waifungue. Walikwisha kuijua kwa kupitia ndugu zake.

Utengenezaji wa Levin na Trueno ulikoma mwaka 2000. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo tangu yapata 2008 mlango umefungwa, na zilizopo nchini ndizo hizo hizo. Toyota yenyewe ilikwisha kutambua thamani ya ilichokiacha: mwaka 2021 ilitangaza kutengeneza upya baadhi ya spea za AE86, na Januari 2023 ilileta kwenye maonyesho ya Tokyo AE86 mbili za majaribio, moja ikitumia haidrojeni na nyingine umeme.

Basi wewe uliyerithi Corolla kuukuu ya mjomba, kabla ya kuiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu fungua boneti usome maandishi kwenye kifuniko cha vali na msimbo wa injini. Ukikuta vali 16 zenye kamshafti mbili na herufi GE, au zile vali 20, usiiuze. Badilisha mkanda wa taimingi, mwaga oili kwa wakati, tafuta fundi mwenye subira, na usikate mwili wake kwa ajili ya urembo. Mbio zipeleke kwenye uwanja wenye ruhusa, siyo barabarani penye watu. Gari hilo halitatengenezwa tena kwa bei yako.