Busia na Tororo: Mpaka mmoja, njia mbili za kuingia chuo kikuu

Mpaka wa Kenya na Uganda uliwagawa Wasamia na Wateso, hivyo watoto wa ukoo mmoja hutahiniwa kwa njia mbili tofauti.

Upande wa Kenya, katika mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi hufanya KCSE baada ya miaka 4 ya sekondari. Kima cha chini cha kusomea shahada ni wastani wa C+. Kiingereza kina karatasi 3: matumizi ya lugha, ikiwemo kujaza mapengo, ufahamu, fasihi na sarufi, kisha insha. Hisabati ina karatasi 2, kila moja ya saa 2 na nusu. Sehemu ya kwanza ni ya lazima. Katika ya pili mtahiniwa huchagua maswali 5 kati ya 8. Aonyeshe hatua zote za hesabu, kwani nazo hupewa alama.

Upande wa Uganda, UCE hufuatwa na miaka 2 zaidi hadi UACE. Hapo karatasi ya maarifa ya jumla, inayoandikwa kwa Kiingereza, ni ya lazima. Mazoezi yake ni kusoma magazeti na kuandika hoja zilizopangika.

Kwa kuwa miaka ya masomo hailingani, mwenye KCSE anayekusudia kusoma Uganda aulize mapema. Baraza la Taifa la Mitihani la nchi hiyo ndilo linalolinganisha vyeti vya nje vya sekondari. Asisubiri hadi amekwisha kulipa karo.