Kuomba kazi: ukurasa wako wa Facebook nao unasomwa

Unapeleka dosie ku shirika moja la Goma, Bukavu ao Bunia: barua, CV, diploma, kadi ya ONEM. Kisha unangojea simu. Lakini mwenye kuajiri naye ana telefone. Anaandika jina lako ku Facebook, na dakika tano zinamtosha.

Anatafuta nini?

Kwanza, anaangalia kama CV inasema kweli. Ukiandika kwamba 2022 ulikuwa kazini Beni, na picha zako za mwaka ule zote ni za Kampala, utaulizwa.

Pili, anaangalia namna unavyosema juu ya wengine. Hapa mashariki, hilo ndilo lenye uzito zaidi. Mashirika ya kibinadamu yanapita vizuizi vya pande zote za vita. Yakionekana yana upande, wafanyakazi na wagonjwa wanaingia hatarini. Kutokuwa na upande ni moja ya kanuni 7 za Msalaba Mwekundu, zilizotangazwa Vienna mwaka 1965. Kwa hiyo picha na silaha, ao sauti ya kutukana kabila uliyotuma mu groupe ya WhatsApp, inaweza kukufungia mlango. Hata ukifuta, pengine mtu alishapiga capture.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 13 cha Katiba ya 2006 kinakataza kumbagua Mkongomani juu ya dini, kabila ao mawazo yake ya siasa. Kupenda chama fulani si kosa. Lakini chuki ya kabila inaazibiwa na sheria tangu 1966, na Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inaigusa hata ku intaneti. Shida ni kwamba anayekukataa haandiki sababu. Unapata kimya tu, na kuonyesha kwamba ulibaguliwa ni vigumu.

Kabla ya kupeleka dosie:

- Tafuta jina lako ku telefone ya rafiki, uone kile wengine wanaona.
- Andika jina, postnom na prénom sawa na ku CV, ili usichanganywe na mwenye jina kama lako.
- Toa tag ku picha zisizokufaa.
- Onyesha kazi ya mikono yako: shamba, mshono, mafunzo uliyofuata.
- Usimpe mtu mot de passe yako, hata ku interview.

Kukosa Facebook si kosa. Ila ukiwa nayo, ujue iko ndani ya dosie.