Mbunge wa Brooklyn na kamati ya kilimo

Leo siasa kidogo. Jana usiku hosteli tulibishana mpaka saa nane: mbunge akishachaguliwa, nani anaamua akae kamati gani? Kwetu Tanzania jibu ni fupi, Spika ndiye anayeteua wajumbe wa kamati za kudumu. Jamaa mmoja akaruka juu, eti Wamarekani walishamnyang'anya Spika wao madaraka hayo mwaka 1910. Kakosea kidogo, ila hapo ndipo penye utamu.

Spika wa wakati ule alikuwa Joseph Cannon, mzee wa Illinois, chama cha Republican. Kamati za Baraza la Wawakilishi alizipanga yeye, na juu ya hapo akaongoza mwenyewe Kamati ya Kanuni, ile inayoamua muswada upi uingie ukumbini. Mwaka 1909 aliwaweka watu roho juu: kamati nyingi hakuzitangaza mpaka muswada wa ushuru ulipopita mwezi wa nane. Kuja kutangaza, wapinzani wake ndani ya chama wakajikuta hawana vyeo. Charles Fowler alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mabenki, kwisha habari yake.

Tarehe 17 Machi 1910, George Norris wa Nebraska, Republican mwenzake, akatoa azimio alilokuwa anatembea nalo mfukoni siku nyingi. Wakabishana usiku kucha. Tarehe 19 likapita, kura 191 kwa 156: Kamati ya Kanuni iwe na watu 10 badala ya 5, wachaguliwe na Baraza, Spika asiwemo. Lakini kupanga kamati nyingine kukabaki kwake! Hilo lilimtoka Spika mwaka 1911, Democrat waliposhika Baraza.

Likaenda kwa nani? Kwenye karatasi, Baraza zima. Kwa vitendo, kwa upande wa Democrat, ni wale waliokaa kamati ya kodi: wanajifungia chumbani, wanaleta orodha, wengine wanaitikia. Na uenyekiti ukawa wa aliyekaa kwenye kamati miaka mingi zaidi, yaani wazee wa Kusini, ambao viti vyao havikutikisika kwa sababu weusi wa huko walizuiwa kupiga kura.

Sasa mwaka 1969 anaingia Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwenye Baraza hilo, anatoka Brooklyn, katikati ya jiji la New York. Wakampa Kilimo, na humo kamati ndogo ya misitu na vijiji. Jamani, misitu ya Brooklyn! Spika McCormack akamshauri avumilie. Hakuvumilia. Kwenye kikao cha chama akasimama, akaendelea kusimama mpaka Wilbur Mills, mwenyekiti wa kamati ya kodi, akalazimika kumpa nafasi. Akahamishiwa kamati ya wanajeshi wastaafu, ambao jimboni kwake angalau walikuwepo. Elimu na Kazi, aliyokuwa akiitaka hasa, aliipata mwaka 1971.

Desemba 1974 Democrat wakawapokonya watu wa kamati ya kodi kazi hiyo ya kupanga. Wakaikabidhi kamati ya uongozi ya chama, na mwenyekiti wake akawa, mtajua wenyewe, Spika.

Nakimbilia kipindi cha saa mbili. Jamaa wa jana nitamsimulia kantini.