Joto, Fukusi na Pamba: Historia ya Utabiri wa Wadudu Waharibifu Kusini mwa Marekani

Utabiri wa wadudu waharibifu wa pamba kwa kutumia takwimu za hali ya hewa ulikulia kusini mwa Marekani, ingawa wazo lililouzaa ni la kale zaidi na lilitokea Ufaransa, ambako mwaka 1735 mwanasayansi René de Réaumur alieleza kwamba kukomaa kwa mazao hufuata zaidi jumla ya joto linalopokewa siku hadi siku kuliko idadi ya siku zenyewe. Kanuni hiyo huwahusu wadudu pia, kwa kuwa miili yao hupoa na kupata joto pamoja na hewa inayoizunguka, na hivyo yai, buu na bundo, yaani hatua ambamo mdudu hujifungia kabla ya kutoka akiwa na mabawa, hukua upesi au polepole kwa kadiri ya joto lililopo.

Katika pamba, haja ya maarifa hayo ililetwa na fukusi wa vitumba, mdudu mdogo mwenye mdomo mrefu aliyevuka kutoka Meksiko na kuingia Texas karibu na mji wa Brownsville mnamo mwaka 1892, na ambaye kufikia mwaka 1922 alikuwa amekwisha kuenea karibu katika ukanda wote wa pamba. Jike hutoboa tumba changa la ua na kutaga ndani yake. Tumba hudondoka, na buu huendelea kukua humo pasipo kufikiwa na sumu. Watafiti walibaini mapema kwamba jua kali na ukavu huyaunguza matumba yaliyoanguka pamoja na mabuu yaliyomo, ilhali mvua za mfululizo huyahifadhi, na kwamba baridi kali ya kipupwe huwaua fukusi wengi waliojificha. Kwa sababu hiyo, watafiti wa Tallulah, Louisiana, walikusanya mimea ya kijivu inayoning'inia mitini kama ndevu, ambamo fukusi hujificha wakati wa baridi, wakahesabu fukusi waliosalia humo, na kwa hesabu hiyo wakakisia uzito wa shambulio la msimu uliofuata.

Baada ya mwaka 1945, viuatilifu vipya kama DDT viliwafanya wakulima wengi wapulizie kwa kufuata kalenda, bila kujali kama wadudu wamo shambani au hawamo. Matokeo yake yalikuwa usugu: funza wa vitumba, ambao ni viwavi wa nondo, walizizoea sumu hizo kiasi kwamba kilimo cha pamba katika eneo la Tampico, Meksiko, kiliporomoka karibu na mwaka 1970. Mwaka 1972 Marekani ilipiga marufuku karibu matumizi yote ya DDT mashambani.

Kupulizia kwa kalenda kuliposhindwa, ilibidi kujua wakati hasa wadudu watakapotokea, na hapo ndipo kanuni ya Réaumur iliporejea kwa nguvu mpya. Kila mdudu ana kizingiti cha joto ambacho chini yake hakui. Ikiwa kizingiti ni nyuzi 12 za Selsiasi, siku yenye wastani wa nyuzi 27 humpa mdudu nyuzi 15 za kukulia, na siku yenye wastani wa nyuzi 17 humpa 5 tu, hivyo siku tatu za ubaridi hulingana na moja ya joto. Mwaka 1976 watafiti wa Texas walitoa programu ya kompyuta iliyoitwa MOTHZV, ambayo ilifuata vizazi vya aina mbili za nondo hao katika pamba, ili mkulima ajue lini mayai yatatagwa na lini mabuu yataanguliwa.

Hata hivyo, joto hueleza wakati ambao mdudu atatokea, wala halielezi idadi yake, kwa maana idadi hutegemea pia maadui wake wa asili, mimea jirani na upepo unaowaleta nondo kutoka mbali. Utabiri ulimwonyesha mkulima siku ya kuingia shambani, lakini kazi ya kukagua vitumba kimoja kimoja ilibaki kuwa yake.