Mwalimu, mbona simba hasikiki?

Najua nimepotea, TP ilinibana. Nilipangiwa shule moja huko kwetu Karatu, somo Historia, na kuna kisa kimenifanya nikirudi chuo nikae maktaba wiki nzima.

Nilikuwa nafundisha mambo ya hifadhi. Nikaazima projekta, nikawawekea madogo wa form two ile filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu Serengeti, ya 1959. Kaburi lao lile pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Michael alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 10 Januari 1959, akiwa na miaka 24 tu. Filamu ni ya Kijerumani, nakala yangu ya Kiingereza, madogo wakaanza kusinzia. Nikasema isiwe tabu: nikazima sauti, nikawa natafsiri mwenyewe kama Lufufu wa mabanda ya video. Dogo mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona simba hasikiki?"

Kweli bwana! Nimemzima Mzungu, nimezima na simba.

Kumbe wenye studio walishalijua hilo. Sauti ya filamu huchanganywa kwa mafungu matatu: maneno, muziki na milio. Ikiuzwa nje, inapelekwa na fungu la muziki na milio peke yake, wenyeji wa huko wanapachika maneno yao. Ugumu uko hapa: mwigizaji akirekodiwa anaongea huku anatembea, ukifuta maneno na nyayo zinaondoka. Basi mtu anakaa studio anarekodi upya nyayo, mlango, hadi kikombe kinachowekwa mezani.

Hapa kwetu mambo yalianza mapema, tena kinyumenyume. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri, Usambara, kulikuwa na mradi wa wakoloni uliotengeneza filamu 35 za kufundishia Waafrika. Picha zilikuwa bubu, maneno yako kwenye santuri. Ukitaka Kiswahili, santuri hii. Ukitaka Kiganda, ile.

Lakini kilichoniuma ni kingine. Minong'ono ya watu wa nyuma huwa inahesabiwa milio, fungu moja na ng'ombe. Sasa ile Hatari! ya John Wayne, 1962, iliyopigwa huku huku kwetu: sauti za wazee wetu mle ziliwekwa fungu gani? Na kwa Grzimek Wamasai wanaonekana, anayeongea ni msimulizi, mwaka uleule waliotolewa Serengeti kuletwa Ngorongoro.

Kipindi kilichofuata nikawagawia kazi. Huyu simba, yule fisi, wale wa nyuma upepo. Jamani, kelele! Hadi mwalimu wa zamu akaja kuchungulia. Binti mmoja wa Endulen nikampa nyumbu. Akakataa.

"Mimi mwalimu nataka maneno."

Nikampa karatasi yangu. Akaigeuza, akaanza kuandika nyuma yake.