Ukuta Mmoja, Maduka Mawili

Malkia Victoria alifariki Januari 1901. Reli kutoka Mombasa ikafika Kisumu tarehe 20 Desemba mwaka huohuo, na stesheni ikaitwa Port Florence, jina la mke wa Ronald Preston, mhandisi aliyesimamia utandazaji wa reli. Kwa hivyo mtu akiniambia maduka ya zamani ya Oginga Odinga Street ni ya enzi za Victoria, mimi hucheka kidogo. Ziwa lilipewa jina lake. Mji wa reli ukamkosa kwa miezi 11.

Mabati, hayo ni yake kweli. Yalivumbuliwa London mwaka 1829, yakaenea dunia nzima akiwa malkia. Unayarundika kwenye behewa kama sahani, unayashusha ufuoni, na paa liko tayari.

Angalia zile nyumba vizuri. Zimesimama kwa safu, bega kwa bega, ukuta mmoja ukibeba maduka mawili. Upande wa barabara ni mwembamba, kisha jengo linaingia ndani mbali: duka mbele, familia nyuma au ghorofani, halafu ua. Varanda inafunika wapita njia, na si urembo. Jua la Kisumu unalijua. Juu yake ukuta wa mbele hupanda kuficha mabati, ndiyo duka lionekane kubwa kuliko lilivyo. Nyuma kuna uchochoro.

Watu husema ati waliojenga reli ndio waliojenga maduka. Si hivyo kabisa. Kati ya vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka India, wengi walirudi kwao. Wafanyabiashara wengi walikuja kivyao, wengine wakifuata njia za watu kama Alidina Visram, aliyekuwa na maduka kutoka pwani hadi Uganda.

Safu hizo pia zilikuwa mpaka. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kukagua afya ya miji, akapendekeza watu watenganishwe kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Hoja ilikuwa magonjwa, tauni hasa. Kwa hiyo Mjaluo aliweza kununua sukari chini ya ile varanda, lakini kuwa na varanda yake mwenyewe mjini ilikuwa habari nyingine. Hapo ndipo Jaramogi Oginga Odinga anaponivutia zaidi ya siasa zake. Mwaka 1947 yeye na wenzake walisajili Luo Thrift and Trading Corporation, wakachangisha hisa kwa watu wa kawaida, wakajenga Ramogi House Kisumu. Jengo lilikuwa hoja. Na leo barabara ya maduka yale ina jina lake.

Sasa vioo vinapanda. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inaruhusu jengo kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali na kulindwa, lakini nyumba ya safu haikai peke yake. Bomoa moja, na jirani anabaki ubavu wazi: matundu ya boriti, rangi ya chumba cha kulala cha mtu, msumari wa kalenda. Ukuta uliojengwa kuwa wa ndani unaanza kupigwa na mvua ya ziwa. Ukitangaza duka moja bila safu yake, mvua itaendelea na kazi.