Kipande cha mti na kamba yenye mafundo: namna watu wa zamani walivyopima mwendo wa chombo

Kila anayepanda boti kwenye ziwa Kivu anauliza swali moja: tutafika saa ngapi? Mwaka 2024, vita vilipofunga barabara kati ya Sake na Minova, familia nyingi zilizohama zilibaki na njia ya maji tu. Mara nyingi nahodha anajibu kwa kukadiria. Lakini kupima mwendo wa boti hakuhitaji mashine, na historia ni shahidi.

Kunako mwaka 1492, Christophe Colomb alivuka bahari ya Atlantiki akikadiria mwendo kwa macho. Wengine walitumia kipande cha mti. Mtu wa mbele anakitupa majini, na wanahesabu mpaka mti ufike usawa wa nyuma ya chombo. Mti unabaki pale pale. Chombo ndicho kinaupita. Njia hii ilipewa jina la Waholanzi.

Kunako mwaka 1574, Mwingereza William Bourne aliandika katika kitabu chake juu ya njia nyingine. Ubao mdogo ulifungwa kwenye kamba na kutupwa nyuma ya meli. Ubao ulisimama majini, kamba ikavutwa kwa kadiri meli ilivyokwenda. Baadaye kamba iliwekwa mafundo. Baharia mmoja alihesabu mafundo yanayopita mkononi, mwenzake akiangalia saa ya mchanga. Ndiyo maana hadi leo mwendo wa meli unahesabiwa kwa mafundo: fundo moja ni mita 1852 kwa saa.

Lakini kulikuwa na kosa. Mafundo yaliwekwa kila futi 42, kwa mchanga wa sekunde 30. Kunako mwaka 1637, Richard Norwood, aliyekuwa amepima njia kutoka London hadi York, alionyesha kwamba maili ya bahari ni ndefu kuliko walivyodhani. Mafundo yalikuwa karibu mno, na meli ilionekana kwenda mbio kuliko kweli. Hata hivyo mabaharia wengi hawakubadilisha kamba haraka. Walisema ni afadhali kudhani nchi kavu iko karibu na kukesha, kuliko kugonga mwamba usiku.

Kwetu sisi kosa hilo lingekuwa hatari. Hofu yetu ni giza kutukuta katikati ya maji. Tuchukue boti yenye urefu wa mita 9. Mti unaipita kwa sekunde 6: ni mita moja na nusu kwa sekunde, yaani kilometa 5,4 kwa saa. Safari ya kilometa 30 itachukua zaidi ya saa tano na nusu. Anayehesabu vibaya, akasema sekunde 4, atadhani ni saa tatu na dakika 42. Wakitoka saa nane mchana, anawaambia abiria kwamba watafika kabla ya giza. Kweli watafika saa moja na nusu usiku.

Kwa hiyo jifunze kuhesabu ukiwa nchi kavu. Funga jiwe kwenye uzi wa mita moja, uliache libembee: kila mara linapokwenda upande mmoja ni karibu sekunde moja. Hesabu nalo mpaka mdomo uzoee. Mwenye simu atumie simu. Tupa mti mara tatu, uchukue wastani. Chupa tupu haifai, kwa sababu upepo unaisukuma. Na kwenye mto, kumbuka kwamba mti unachukuliwa na maji pia: hesabu inaonyesha mwendo ndani ya maji, si kando ya nchi.

Pima boti ikiwa imekwisha kupakiwa, kwa sababu mzigo unapunguza mwendo. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama ikikaribia Kituku, hapa Goma, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Kipande cha mti kisingeiokoa. Lakini ikiwa mota ni ile ile, na leo mti unachelewa kufika nyuma kuliko jana, abiria ana haki ya kuuliza nahodha: leo tumebeba nini zaidi? Swali hilo liulizwe kabla ya kuacha bandari.